Kuupa ukuta wa saruji sura ya chokaa ya Mji Mkongwe kwa rangi ya maji: mwongozo kamili

Pita vichochoro vya Mji Mkongwe wa Unguja asubuhi, jua linapopiga kuta kwa ubavu, utaona kwamba ukuta unaouita mweupe una weupe wa namna nyingi. Mahali umekolea, mahali umepauka, mahali rangi ya zamani, iwe njano ya udongo au buluu ya nili, inachungulia kwa chini. Watu wengi wanaitamani sura hiyo sebuleni kwao Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, lakini nyumba zao ni za matofali ya saruji, zimepigwa lipu na skimu na kupakwa rangi iliyolala sawasawa kutoka kona hadi kona. Sura hiyo inapatikana kwa rangi ya maji ya dukani. Haihitaji mashine wala rangi ya kuagiza nje. Inahitaji maandalizi mazuri, mchanganyiko mwepesi, na mkono unaojua kuacha mapema.

Kwa nini chokaa inaonekana vile

Ukielewa chokaa inavyofanya kazi, hatua zote zinazofuata zitakuingia zenyewe. Kuta za zamani za pwani zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, zikapigwa lipu ya chokaa, kisha zikapakwa chokaa iliyozimwa kwa maji. Chokaa hiyo ikiwa ukutani hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani na kugeuka jiwe tena, polepole. Kila mkono unaopakwa ni mwembamba kiasi cha kupitisha mwanga. Baada ya miaka, ukuta una mikono mingi iliyolaliana, na jicho linaiona yote kwa pamoja. Ndiyo maana rangi inaonekana kutoka ndani ya ukuta.

Rangi ya maji ya kawaida imetengenezwa kwa kusudi tofauti kabisa: kuziba. Mikono miwili tu na kilichokuwa chini hakionekani tena. Kwa hiyo kazi yetu ni kuilazimisha ifanye kama chokaa. Tunaweka rangi nzito chini, halafu juu yake tando mbili au tatu nyepesi zinazoacha ya chini ionekane.

Hapa ndipo mafundi wengi hodari wanapokwama. Fundi rangi amefundishwa maisha yake yote kwamba alama ya brashi ni aibu na kwamba ukuta mzuri ni uliofunikwa pote sawasawa. Kwenye kazi hii alama ya brashi ndiyo inayotafutwa. Ukimwajiri fundi, mweleze hilo kabla hajafungua ndoo, na umwonyeshe ubao wa mfano (nitaueleza mbele), maana maneno matupu hayatoshi. Asipouona, atarudi kuziba kwa mazoea.

Kabla ya yote: ukuta wako ni wa nini?

Kama nyumba yako ni ya zamani kweli, ya mawe ya matumbawe na lipu ya chokaa, iwe Unguja, Lamu, Pangani, Bagamoyo au Mombasa ya kale, usifuate mwongozo huu kwenye kuta hizo. Ukuta wa matumbawe hunyonya maji kutoka ardhini na kuyatoa kupitia usoni mwake. Ukiufunika kwa lipu ya saruji au kwa rangi ya plastiki, yaani hii rangi ya maji ya dukani, maji yanabaki ndani, chumvi inajikusanya nyuma ya rangi, na baada ya muda lipu inavimba na kudondoka vipande vipande. Ukuta wa namna hiyo upake chokaa halisi, kama ulivyokuwa. Lowesha ukuta kwanza, paka chokaa nyepesi mikono mitatu hadi mitano, na kila mkono upe siku nzima kabla ya unaofuata. Vaa miwani na glavu, kwa sababu chokaa mbichi inaunguza ngozi na inaweza kupofusha jicho. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, na ukarabati huko una taratibu zake. Uliza mamlaka za hifadhi kabla ya kugusa chochote.

Mwongozo huu ni wa kuta za saruji, au za jipsamu, ambazo zimeshapakwa rangi ya maji au zinasubiri rangi ya kwanza. Chokaa halisi haishiki vizuri juu ya rangi ya plastiki, itatoka na unga kila ukiigusa, na hiyo ndiyo sababu ya kuiga badala ya kupaka yenyewe.

Chagua ukuta, na chagua majira

Usianze na chumba kizima. Ukuta mmoja, hasa unaopata mwanga wa dirisha kwa ubavu, unatosha kubadilisha sebule. Ukuta uliojaa madirisha, soketi na makabati ni mgumu kwa mwanafunzi kwa sababu kila kizuizi kinakukatiza mwendo. Tafuta ukuta ulio wazi.

Kwa pwani, Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, ndiyo miezi mizuri. Kuna ubaridi kidogo na mvua si nyingi. Masika ukuta unakuwa na unyevu na rangi inachelewa kukauka hata ukaipania. Kaskazi ikivuma na joto likiwa kali, rangi nyepesi inashika kabla hujaisambaza. Ukilazimika kupaka wakati wa joto, anza alfajiri, zima feni, na funga madirisha yanayoleta upepo moja kwa moja kwenye ukuta. Acha mlango wazi ili hewa ibadilike.

Vifaa

Nenda hadwea na orodha hii:

- Rangi ya maji yenye mng'ao kidogo, ile inayouzwa kama silki, kwa ajili ya chini. Lita 4 zinatosha ukuta wa mita 4 kwa 2.8, mikono miwili, na zinabaki.
- Rangi ya maji ya tando za juu, lita 1 ya nyeupe isiyo kali.
- Glezi ya maji. Hiki ni kimiminika kisicho na rangi yake, kinachochanganywa na rangi ili iwe nyepesi na ichelewe kukauka. Kama duka halina, chukua vanishi ya maji isiyong'aa.
- Chupa ndogo za rangi kali ya kuchanganyia: njano ya udongo, kahawia na nyeusi.
- Praima ya kuta, inayostahimili ukali wa saruji.
- Puti ya ukuta, kisu cha puti, msasa namba 120 na 220.
- Rola na trei yake, brashi ya inchi 2 kwa kona, na brashi mbili pana za inchi 4 zenye nywele laini.
- Tepu ya karatasi, nailoni ya kufunika sakafu, ndoo zenye mifuniko, chupa ya kupulizia maji, na matambara ya fulana kuukuu za pamba.
- Kipande cha hadibodi au jipsamu chenye upana wa mita 1 hivi.

Usibane pesa kwenye brashi za inchi 4. Brashi rahisi inaangusha nywele, na kila unywele ukinasa kwenye utando mwembamba unaonekana hadi mwisho wa chumba. Zioshe mpya kwa sabuni, zikaushe, kisha zivute nywele zilizolegea kwa vidole kabla ya kuanza.

Kutengeneza ukuta

Tando nyepesi hazifichi kasoro, zinazitangaza. Ufa, alama ya mwiko, tone la saruji, vyote vitakusanya rangi na kuonekana zaidi kuliko mwanzo. Mabonde mapana na mepesi yasikuhangaishe, hata kuta za chokaa halisi zinayo. Tofauti ni kwamba bonde pana linapokea mwanga vizuri, na mkwaruzo mkali unaonekana kama uchafu.

Anza na unyevu. Kata kipande cha nailoni cha nusu mita kwa nusu mita, kibandike ukutani sehemu ya chini, karibu na sakafu, ukizibe pande zote nne kwa tepu. Kiache usiku na mchana mzima. Ukikibandua ukakuta matone upande unaogusa ukuta, maji yanatoka ndani. Ukuta huo haupakwi mpaka ujue yanakotoka, iwe ni bomba linalovuja, maji ya mvua yanayotuama nje ya msingi, au paa. Ukiona unga mweupe wa chumvi unaotoka wenyewe, ni dalili ya tatizo hilohilo. Ufagie ukiwa mkavu kwa brashi ngumu. Usiuoshe kwa maji, kwa sababu maji yanayeyusha chumvi na kuirudisha ndani.

Lipu mpya ya saruji ipe wiki 4 kabla ya rangi. Saruji mbichi ni kali, na ukali huo unapausha baadhi ya rangi na kuzibandua.

Ukuta wenye rangi ya zamani, ukwangue palipovimba, jaza nyufa kwa puti, subiri ikauke, kisha piga msasa namba 120 na umalizie kwa 220. Kama kuna rangi ya mafuta ya zamani, chukua tahadhari ya dhati. Rangi nyingi za miaka ya nyuma zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake linadhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Usipige msasa mkavu kwenye rangi hiyo. Lowesha ukuta na utumie msasa wa maji, vaa barakoa inayozuia vumbi laini, watoto na wajawazito wasikae nyumbani siku hiyo, na futa sakafu kwa tambara lenye maji badala ya kufagia.

Futa vumbi lote kwa tambara bichi. Pitisha kiganja ukutani. Kikitoka na unga, bado. Kikitoka safi, paka praima mkono mmoja na uiache ikauke kama kopo linavyoelekeza.

Rangi ya chini

Hapa kuna uamuzi mmoja mkubwa. Ukiweka rangi iliyopauka chini na iliyokolea juu, unapata sura ya ngozi au karatasi kuukuu, ambayo ni nzuri kwa maktaba au chumba cha kulia, lakini si chokaa. Chokaa ni kinyume chake: iliyokolea iko chini, nyeupe inakuja juu. Ukuta wa Mji Mkongwe ulipakwa njano au buluu zamani, halafu ukafunikwa kwa weupe mwaka baada ya mwaka. Fuata mpangilio huohuo. Mimi napendelea rangi ya mchanga uliolowa, au njano ya udongo iliyofifia. Wanaotaka sura ya baridi zaidi watumie buluu iliyopauka yenye chembe ya kijivu, ambayo karibu na dirisha lenye mbao nyeusi inapendeza sana.

Tofauti kati ya rangi ya chini na ya juu iwe ndogo. Kwenye kadi ya rangi, hatua moja au mbili zinatosha. Dukani itaonekana kama rangi hizo ni karibu moja. Ukutani, zikitandazwa kwenye mita 11 za mraba, tofauti inakua. Watu wakikosea hapa, huwa ni kwa kuchagua rangi zinazogombana, na ukuta unatoka na mabaka badala ya kina.

Rangi ya chini lazima iwe na mng'ao kidogo, na sababu ni ya kivitendo. Rangi isiyong'aa kabisa ni kavu na ina vitundu, kwa hiyo inanyonya utando wa juu papo hapo, na unapogusa brashi mara ya kwanza ndipo doa linapobaki. Silki haina kiu. Utando unateleza juu yake na kukupa nafasi ya kuusukuma, kuulainisha, hata kuufuta. Paka mikono miwili kwa rola, mkono wa pili baada ya saa 4 au zaidi, kisha uache ukuta ulale usiku mzima.

Mchanganyiko wa tando

Kwa glezi, anza na sehemu 4 za glezi kwa sehemu 1 ya rangi ya maji, halafu rekebisha kama kopo linavyoshauri. Kwa vanishi, changanya sehemu 2 za vanishi ya maji isiyong'aa, sehemu 1 ya rangi na sehemu 1 ya maji safi. Mchanganyiko wa vanishi unakauka haraka zaidi, kwa hiyo utafanya kazi kwa vipande vidogo. Kwa vyovyote, uzito unaoutaka ni ule wa tui la pili. Ukichovya kijiti na kukiinua, mchanganyiko ushuke kwa mfululizo bila kukatika vipande, na kijiti kionekane kwa ndani.

Usiirefushe rangi kwa maji matupu mpaka iwe nyepesi kiasi hicho. Gundi iliyomo kwenye rangi inakuwa chache mno, na ikikauka inatoa unga mkononi. Wapo wanaotia gundi nyeupe ya mbao kuokoa jambo. Siipendekezi, kwa sababu gundi hiyo hulainika tena ikipata unyevu, na pwani unyevu haukosekani.

Nyeupe ya kopo ni kali mno, inavyong'aa haifanani na chokaa hata kidogo. Ivunje kwa njano ya udongo, tone kwa tone, kisha chembe ya kahawia. Nyeusi itumie kwa ncha ya kijiti tu. Koroga mpaka chini ya ndoo, paka kidogo kwenye karatasi, kausha, ndipo uhukumu, kwa sababu rangi ya maji ikikauka hubadilika.

Changanya yote kwa mara moja. Ukuta wa mita 11 za mraba hutumia karibu lita 1 ya mchanganyiko kwa kila utando, kwa hiyo tengeneza lita 2 na uzifunike. Ukiishiwa katikati hutapata rangi ileile tena hata ukipima kwa kijiko, na kiungo kitaonekana kwa kila anayeingia.

Ubao wa majaribio

Hadibodi yako ipake praima na rangi ya chini mikono miwili, kama ukuta. Juu yake fanya mazoezi ya utando, futa, rudia. Weka saa mezani na upime: mchanganyiko unachukua dakika ngapi kabla haujaanza kung'ang'ania brashi? Kwa glezi inaweza kuwa dakika 10 au zaidi, kwa vanishi kwenye joto pungufu ya nusu yake. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia kipande chako kiwe na ukubwa gani. Ubao ukikupendeza, usimamishe kwenye ukuta unaotaka kuupaka, uutazame asubuhi, jioni, na usiku taa zikiwaka. Taa nyeupe za LED zinaua njano yote. Kama chumba kinatumika zaidi usiku, ni bora kubadilisha taa kwanza kisha uchague rangi.

Utando wa kwanza

Bandika tepu kwenye dari, skatingi, na kona za kuta za jirani. Fungua vifuniko vya swichi na soketi, umeme ukiwa umezimwa kwenye meinswichi. Kama utapaka kuta zote nne, paka zinazotazamana siku ya kwanza na mbili zilizobaki siku ya pili, ili kila kona unayoikaribia iwe na upande mmoja mkavu unaoweza kubandikwa tepu.

Anzia kona ya juu. Chovya ncha ya brashi tu, sentimita 2 hivi, na uifute kwenye ukingo wa ndoo. Paka kwa mikato mifupi inayopishana kama herufi X, ukigeuza mkono kila mara ili mwelekeo usijirudie. Mkato wa kwanza unatua na rangi nyingi, huo usambaze nje mpaka brashi ianze kukauka, na ukingo wa kipande ubaki umechanikachanika. Usiache ukingo ulionyooka popote. Kipande kiwe kama sentimita 80 kwa 80, au kidogo zaidi kama saa yako inaruhusu.

Baada ya dakika moja hivi, chukua brashi ya pili, iliyo kavu kabisa, na uipitishe kwa wepesi sana, ncha za nywele tu zikigusa. Utaona mikwaruzo ya X inayeyuka na kuwa kivuli. Hapo ndipo pa kuacha. Kila mtu anasukumwa kuendelea kulainisha, na akiendelea, tofauti yote inapotea na ukuta unarudi kuwa rangi moja. Nataka uone bado njia ya brashi ukiwa hatua moja kutoka ukutani, na isionekane ukiwa hatua tatu. Futa brashi kavu kwenye tambara kila baada ya kipande, la sivyo italowa na kuanza kupaka badala ya kulainisha.

Kipande kinachofuata kianze umbali wa kiganja kutoka kingo mbichi ya kilichotangulia, kisha rudi ukiingia ndani yake kikiwa bado kibichi. Kingo mbichi ndiyo roho ya kazi yote. Ikikauka kabla hujaifikia, utando unalala juu ya utando na mstari mweupe unabaki. Shuka kutoka juu hadi chini kwa safu ya upana wa kipande kimoja, kisha panda kuanza safu ya pili. Ukianza ukuta, umalize mpaka kona. Simu, wageni na chakula vitasubiri.

Watu wawili wanafanya vizuri kuliko mmoja, mmoja akipaka na mwingine akilainisha. Lakini msibadilishane katikati ya ukuta. Kila mkono una uzito wake, na mahali mlipobadilishana pataonekana.

Utando wa pili, na wa tatu ukihitajika

Utando wa kwanza ukikauka utakukatisha tamaa kidogo, kwa sababu utaonekana mwembamba na wenye mistari. Ni kawaida. Uache usiku kucha. Siku ya pili, simama mlangoni na utazame. Palipojaa sana utapapita kwa wepesi au hutapagusa, palipobaki tupu utapaongeza. Mchanganyiko wa pili uongeze glezi kidogo na uzidishe weupe kidogo. Fanya vilevile, ila mikato iwe mikubwa zaidi na vipande visilingane na vya jana.

Sasa fikiria ukuta halisi ungezeekaje. Juu, karibu na dari, chokaa hubaki safi. Chini, unyevu wa sakafu huifanya ikolee. Kona hukusanya kivuli. Pembeni mwa mlango, mahali mabega na mikono hupita, rangi ya zamani hutokeza. Chukua tambara bichi lililokamuliwa na uondoe utando kidogo mahali hapo ukiwa bado mbichi, kwa kugonga na si kwa kusugua. Ukitaka, utando wa tatu uwe na njano ya udongo iliyolegezwa sana, kwenye theluthi ya chini peke yake. Fanya kidogo kuliko unavyodhani inatosha. Kama nyumba yako ina vidaka ukutani, kama zidaka za nyumba za Lamu, ndani yake acha rangi ya chini iliyokolea na utando mmoja tu. Kina chake kitaongezeka.

Mchanganyiko huohuo unafanya kazi nyingine pia. Tambara lililokunjwakunjwa na kuviringishwa kwenye utando mbichi linaacha sura ya kitambaa. Sponji inatoa madoa, na kwa maoni yangu inachosha jicho haraka, labda kwenye ukuta mdogo wa varanda.

Mambo yakiharibika

Mstari wa kiungo ukiuona ungali mbichi, upulizie maji kidogo sana, subiri sekunde chache, ugonge kwa tambara na ulainishe kwa brashi kavu. Ukishakauka usiuguse. Subiri kesho, piga msasa 220 kwa wepesi juu yake, kisha pitisha utando mwembamba kwenye eneo pana kuuzunguka. Kurekebisha mstari kwenye mstari wenyewe kunauzaa upya.

Ukuta ukitoka mweupe mno, chukua rangi ya chini, ilegeze kwa glezi vilevile na urudishe vivuli unakotaka. Ukitoka na mabaka makali, utando mmoja mwembamba wa weupe juu ya ukuta wote unayatuliza. Matone yanayoteremka yachukue kwa brashi kavu kutoka chini kwenda juu. Na utando ukibanduka pamoja na tepu, rangi ya chini haikuwa imeshika. Bandua tepu ukuta ungali haujakauka kabisa, kwa kuivuta polepole kuelekea nyuma, karibu kulala juu ya yenyewe.

Kulinda na kutunza

Sebuleni na chumbani, ukuta uache ulivyo. Mchanganyiko wa glezi au vanishi unatosha kustahimili kufutwa vumbi. Ukuta wa korido, chumba cha watoto au jikoni upake vanishi ya maji isiyong'aa, mikono miwili myembamba, siku mbili baada ya utando wa mwisho. Soma kopo mara mbili kabla ya kulipa: ikiwa inang'aa, itaondoa kabisa sura ya chokaa. Vanishi ya mafuta usiitumie, inageuka njano kadiri miaka inavyokwenda. Bafuni, mahali maji yanaporuka moja kwa moja, weka vigae.

Usiuoshe ukuta kwa wiki 4 za mwanzo, kwa sababu rangi ya maji inakauka kwa saa chache lakini inakomaa polepole. Baada ya hapo doa lifute kwa sponji laini yenye maji na sabuni kidogo, bila kusugua. Mchanganyiko uliobaki utie kwenye chupa ya kioo, uujaze mpaka karibu na mfuniko ili hewa isibaki, uandike juu yake jina la rangi, vipimo na tarehe, na uuweke mahali penye kivuli. Siku fanicha itakapokwaruza ukuta, utaukoroga, utagonga kidogo kwa tambara, na utalainisha kwa brashi kavu.